Vichwa vya Somo la Matuta

Bertilla wa Milanzi alipofushwa na surua akiwa na miaka saba, lakini kilimo alikijua kwa mikono. Alipojiunga na kozi ya ushauri wa kilimo mtandaoni, nyumbani hawakushangaa. Walishangaa aliposhindwa mtihani. Wanafunzi waliruhusiwa kufungua somo wakati wa kujibu, kwa saa moja tu. Kila alipotafuta jibu, simu yake, inayosoma maandishi kwa sauti, ilimsomea kurasa arobaini tangu mwanzo. Akishindwa tena, anaondolewa.

Siku mbili kabla ya marudio alimfuata aliyeandika somo, Mzee Baltazari, bwana shamba mstaafu wa Malangali. Mzee aliliandika kwa uchungu, maana matuta ya Kifipa yanakwisha. Siku hizi watu wanachoma majani ambayo babu zao waliyafukia ndani ya matuta yaoze, yalishe ulezi, kisha wanakimbilia mbolea ya dukani. Malalamiko ya Bertilla hayakumpendeza.

"Vichwa nimeweka, binti. Tena kwa herufi nene, na mstari chini."

"Unene huo ni wa wenye macho, Mwalimu. Simu yangu haiujui."

Bertilla akampa simu, akamwomba afumbe macho atafute mahali panapoeleza matuta yavunjwe lini ili ulezi upandwe. Simu ikaanza na shukrani, ikapita kwenye habari za baba yake Mzee, ikakwama kwenye jembe la babu yake. Dakika ya nane Mzee akafumbua macho.

"Kumbe naongea hivi?"

"Mimi nimekusikiliza mara kumi na tisa."

Bertilla akamweleza kwamba kichwa huwekewa alama yake kwenye orodha ya mitindo ya maandishi ndani ya kompyuta, kikubwa kwa mada, kidogo kwa sehemu zake. Hapo simu huruka kutoka kichwa hadi kichwa. Mzee akakumbuka matuta ya wavivu. Zamani mvivu alikusanya udongo mtupu, bila majani ndani. Ukiwa barabarani, tuta lake lilifanana na matuta ya wenzake. Ulezi ndio uliomuumbua.

"Nimelima kama mvivu," akasema, akavuta kompyuta. Waliweka alama, wakabishana, chai ikapoa vikombeni, kisha somo likarudishwa mtandaoni.

Siku ya marudio, swali la tatu liliuliza juu ya matuta. Bertilla akatelezesha kidole: Kuchagua Shamba. Kufukia Majani. Kuvunja Matuta. Kidole kikaruka, majibu yakaja. Alimaliza dakika kumi na moja kabla ya muda kwisha, akapata themanini na mbili.

Akampigia Mzee palepale. Mzee akapongeza, kisha akauliza kama aliisikia tena sehemu ya babu yake.

"Nimeiruka, Mwalimu. Ina kichwa chake sasa. Nitarudi."