Aliyekuwa Akifuta Makro za Imsakia

Asubuhi ile nilibonyeza vitufe vyangu viwili kama nilivyofundishwa, na kompyuta haikufanya kitu. Nikabonyeza tena. Ikalia mlio mfupi, kama mtu anayeguna. Kazi niliyoifanya jana yake tangu adhuhuri hadi alasiri haikuwepo, na haikuwa mara ya kwanza.

Ilikuwa miaka ile Serikali ilipofungua milango ya biashara huria. Kariakoo ilijaa bidhaa za Dubai hadi kwenye baraza za nyumba, na kompyuta, ambazo tulizoea kusikia ziko kwenye maofisi ya Posta, zikaanza kuingia maduka ya mtaani kwetu. Jirani wa madrasa yetu, Mhindi wa dini ya Kihindu mwenye duka la karatasi na uchapaji, alinunua moja. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa nikiandaa imsakia ya msikiti wetu, yaani ratiba ya saa za kujizuia kula alfajiri na saa za kufuturu kwa mwezi mzima wa Ramadhani, kwa kalamu na rula. Jirani aliponiona nimeinamia karatasi zangu alisema, "Maalim, njoo ufanyie kwangu. Mashine ikikaa bure inanuna." Hakunitoza hata senti. Mungu amlipe.

Aliyenifundisha alikuwa mpiga chapa wake, mama wa makamo aliyekuwa akisomesha wanawe kwa mshahara wa duka lile. Mkristo, mcheshi, na vidole vyake vilikwenda kama mvua juu ya bati.

"Hii inaitwa makro, Maalim," aliniambia. "Unaiambia mashine, nitazame. Unafanya kazi yako mara moja tu. Baadaye ukibonyeza vitufe hivi inarudia yenyewe."

"Bila kuchoka?"

"Bila kuchoka wala kuomba hela ya chai. Siyo kama sisi."

Mashine ilihesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu jua lichomoze. Basi makro moja ilizigeuza saa zote ziwe za Kiswahili. Nyingine ziliongeza dakika kwa miji ya bara, ambako jua huchelewa kuliko hapa pwani, kwa sababu wafanyabiashara wa mikoani waliokuja kununua mali walichukua pia imsakia za misikiti yao. Siku nzima makro zilitii. Nilihifadhi jedwali langu kwenye disketi, nikaitia mfukoni, nikaenda zangu kusali. Asubuhi jedwali lilikuwepo, makro hazikuwepo. Nikazifundisha upya. Asubuhi iliyofuata, hakuna. Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, ilikuwa ikiyoyoma, na dakika iliyokosewa kwa mkono uliochoka ni mtu anayefuturu jua lingali juu.

Asubuhi ile ya mlio mfupi, nilipoguna kwa sauti, jirani yangu alinisikia.

"Zimepotea tena?"

"Zimepotea."

Akamgeukia yule mama. Dukani walikuwepo wateja, mmoja na hati yake ya kiapo, wengine wakisubiri fotokopi. "Maalim akiondoka, ni nani anabaki na mashine?"

"Mimi, tajiri. Si ndiyo kazi yangu?"

"Na ni nani aliyelalamika juzi kuwa ratiba ya msikiti inamchelewesha?"

"Nililalamika, ndiyo. Kulalamika ni kufuta?"

"Mtu wa dini nyingine, huenda hupendi."

Nilishtuka mpaka nikasimama. Mama yule alimtazama kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Tajiri, na wewe ni dini gani?" akasema. "Nimfundishe Maalim mchana, nimfutie jioni? Nina wazimu?"

Mteja mmoja akacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu. Jirani yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alimwambia mama achukue mkoba wake aende. Nikamwomba asubiri, nikamwambia subira haijawahi kumtia mtu hasara. Hakunisikia. Mama alivaa viatu vyake vya kutokea, akapita katikati ya wateja bila kumtazama mtu, na mimi nikabaki mbele ya mashine. Nilijua ada za wanawe zilitoka kwenye kiti kile kilichokuwa tupu.

Sikuwa na la kufanya ila kazi. Nilizirekodi makro zote upya, polepole, nikimkumbuka kwa kila kitufe. Zilitii. Nikahifadhi jedwali langu, nikaondoka.

Kesho yake nilibonyeza vitufe. Ule mlio mfupi.

Mtuhumiwa hayupo, alitoka mbele ya macho yetu, na makro zimefutika vilevile. Nikamwita jirani yangu, nikabonyeza tena ili asikie mwenyewe. Alikuja na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi.

"Labda ni mashine mbovu," akasema, lakini sauti haikuwa ya mtu anayeamini.

"Jana baada yangu ni nani aliigusa?"

"Hakuna. Nilifunga tu."

"Leo nitakaa mpaka ufunge."

Nilirekodi tena makro moja tu, ile ya kugeuza saa, nikakaa kwenye benchi. Jioni aliteremsha mlango wa chuma nusu, akachoma udi mbele ya picha zake za ibada, kisha akaja kwenye mashine. Alifunga programu. Kwenye skrini kilitokea kisanduku chenye swali, na kabla sijafika mstari wa mwisho kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza, na kisanduku hakipo.

"Ilikuuliza nini?"

"Huwa inauliza kama nihifadhi. Mimi huwa naiambia hapana."

"Kila jioni?"

"Kila jioni, Maalim! Kazi ya mteja hailali dukani kwangu. Watu wanaleta mitihani ya shule, wanaleta kesi zao, sasa hivi hata mambo ya vyama. Wanaondoka na disketi zao. Kikivuja kitu, nani atakuja tena? Baba yangu hata karatasi ya kaboni alikuwa akiichoma."

Nilimwomba aiwashe upya. Makro haikuwepo. Nikairekodi tena mbele yake, akafunga, swali likatokea, na safari hii tulilisoma pamoja neno kwa neno. Halikuhusu jedwali langu. Lilitaja faili ambalo hakuna kati yetu aliyelifungua. Mashine ilikuwa ikilifungua yenyewe kwa siri na kuweka humo makro zote, na kila "hapana" ya jioni ilizitupa.

"Bonyeza ndiyo," nikasema.

Akabonyeza. Tukaiwasha mashine tena. Nikagusa vitufe vyangu viwili, na saa zote zikageuka kuwa za Kiswahili mbele ya macho yetu, safu baada ya safu.

Nilitamka Alhamdulillahi. Yeye aliketi kwenye kiti cha yule mama, akashika kichwa. "Nimefanya nini mimi," alisema. Uaminifu wake, ambao mtaa mzima tulimsifia, ndio uliokuwa ukifuta. Jambo hilo lilinitisha kuliko kama tungemkuta mwizi.

Asubuhi tulikwenda pamoja soko la Mchikichini, ambako mama alikuwa akimsaidia dada yake kuuza mitumba. Alikuwa amesimama nyuma ya rundo la mashati.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

Jirani yangu hakusalimiwa. Alieleza yote, hakuficha kitu, akamwomba radhi na kumwomba arudi.

"Unataka shati, tajiri? Au umekuja kunichagulia dini?" Dada yake akageuka pembeni kuficha kicheko. Kisha mama akaacha utani. "Ulinitoa mbele ya wateja. Nirudishe mbele ya wateja."

Nilidhani amevuka mpaka. Katika umri wangu wote Kariakoo sikuwahi kuona tajiri akijishusha mbele ya watu wanaosubiri fotokopi.

Siku iliyofuata duka lilipojaa, jirani yangu alitoka nyuma ya kaunta, akaomba watu wanyamaze. "Huyu mama nilimsingizia," alisema. "Aliyekuwa akifuta ni mimi. Nilimtukana na dini yake. Anisamehe, na nyinyi mlioshuhudia mnisamehe."

Mimi nilishika ukingo wa benchi. Mama aliitikia kwa kichwa, akavuta kiti chake.

"Haya," akasema, "nani alikuwa wa kwanza?"