Kipimo cha Hamdun

Hamdun wa Faza alivaa jezi ya taifa miaka kumi na minne, na kwao hakuna aliyejua hasa kazi yake ni nini. Mpira gani huo wa kushikwa mikononi, tena wenye umbo la yai! Wazee walimwita mwanasoka, naye akaitikia tu, hana haja ya kubishana. Katika raga kazi yake ilikuwa kukaba. Jitu likija mbio na mpira, Hamdun huliingia miguuni, huliangusha, huinuka, hutafuta jingine. Picha za magazetini zilimpata mgongo tu.

Kabla ya raga alikuwa hafidh. Kurani yote aliihifadhi chuoni hajabaleghe. Basi kila alipogongwa kichwa, hakuyajali sana maswali ya daktari wa timu, maana yalikuwa yaleyale, na majibu alikwisha kuyahifadhi. Alijipima mwenyewe. Husoma Yasin kimoyomoyo. Ikitiririka, hurudi uwanjani. Miaka nenda miaka rudi ilitiririka, akajiona mzima. Masikini, hakujua kwamba kinachoingia utotoni ndicho huondoka mwisho. Majina ya wenzake yalikuwa yakimponyoka, njia ya hotelini ikimpotea, naye akisema ni uchovu.

Siku moja, wakicheza ugenini, goti la mpinzani lilimpiga kwenye kipaji cha uso. Daktari Nkatha akamuuliza maswali yake, akayajibu yote. Kisha akakaa pembeni ya uwanja, akaanza Yasin. Imo aya mle ambayo imo vilevile katika sura ya Tabaraka, na mahafidh wasio makini huvukia huko. Hamdun alijikuta ndani ya Tabaraka. Akarudi mwanzo. Akavuka tena. Hofu iliyomshika hapo hakuwahi kuipata mbele ya jitu lolote.

"Daktari amesema uko sawa," kocha Jabez akamwambia. "Ingia, mzee, tunakuhitaji."

"Siingii, kocha. Nimepotea mahali ambapo sijawahi kupotea."

Akavua viatu, na hakuichezea tena timu ile.

Faza walimpokea kwa fahari. Ramadhani ilipoingia wakamtaka awasalishe tarawehe, akasingizia koo. Aliyejua ukweli ni mkewe, Rahima, ambaye kila siku humshikia msahafu, yeye akasoma kwa moyo. Akikwama, Rahima humtajia neno moja, polepole, kama anayemwongoza mtu ngazini. Sura nyingi zimekwenda. Kuna siku hurudi moja, na siku hiyo nyumba huwa na idi.

Juzi alfajiri waliisoma Yasin yote. Hakukosea hata herufi. Alilia kwa furaha mpaka kanzu ikalowa, Rahima naye akalia, wakamshukuru Mungu pamoja.

Siku ileile, baada ya sala ya adhuhuri, Hamdun akaja kuketi mkekani, uso mkunjufu, akamtazama mkewe.

"Rahima, yeo tumeshasoma Yasin?"

"Bado," Rahima akamwambia, akaufungua msahafu.