Jiwe Langu Ukutani

Mtunza bustani wetu husalimia kuta kwanza, watu baadaye. Kila asubuhi hupanda matuta saba ya milimao, yaliyopangwa mlimani kama ngazi na kushikiliwa na kuta za mawe, kutoka ziwani hadi kwenye mlango wa nyumba hii ya kale, akiyapigapiga mawe ya kuta kwa vidole vyake vinene na kuyaita majina ya watu wa kijijini. Lenye kitambi ni padri. Linalochezacheza ni Delfina wa posta. "Tulia, mama, utatuangusha," huliambia, kwa upole wa mtu anayeongea na mkwewe.

Mvua ya juzi ilibomoa ukuta wa chini, nyumba nzima juu yake ikawa haina uhakika wa kusimama. Alipokuwa akiujenga upya, bila saruji, nikamshushia polenta yake, ule ugali laini wa mahindi. Nimempikia miaka ishirini, kwa hiyo nikamuuliza jiwe langu ni lipi. Akaonyesha kwa kiatu lile la chini kabisa, limezama kwenye tope.

"Yaani mimi ndiye wa kukanyagwa?"

"Litoe basi, Ersilia, tuone kama nyumba itaiona Jumapili."

Nikamwambia ale, polenta inapoa. Kisha nikapanda matuta yote saba kumletea jibini niliyokuwa nimemficha.