Ziada na Ming'oko ya Bibi Yake

Zamani mwanamke wa kwetu Kitangari aliyejua mahali penye ming'oko alirudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka ili asifuatwe. Siku hizi mahali hapo hutangazwa mbele ya watu na makofi hupigwa.

Kwa asiye wa huku, ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba na mirefu, inayojificha chini ya vichaka vyetu. Huchimbwa kiangazi, huchemshwa kwa chumvi na kuliwa huku watu wanapiga soga. Haikuwa ya kupandwa. Aliyechimba aliacha kichwa cha mzizi ardhini, akarudishia udongo, akaukanyaga. Mvua ikija, mmea ukaota tena. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote, na haikuhitaji semina.

Siku hizi inahitaji. Aliyeibeba kazi hiyo kwetu ni Ziada, Mama Faruku, muuza maandazi wa stendi.

Alianzia kwenye mradi. Watu wa uhifadhi walikuja na gari, viti vya plastiki na soda, wakatafuta mtu wa kuwatafsiria wazee wasiopenda Kiswahili kirefu. Ziada alikuwa anapita na beseni lake, wakamwita. Mtaalamu akasema sentensi moja kuhusu miti ya asili. Ziada akaitafsiri kwa Chimakonde mpaka chai ikapoa.

"Mimi nimesema hayo yote?" mtaalamu akauliza.

"Bado hujasema," Ziada akamjibu. "Nimekutangulia tu."

Watu walicheka, hata mtaalamu mwenyewe.

Mradi ulipoisha, gari likaondoka na viti. Kilichowauma wengi ni soda. Ziada akaendelea peke yake. Kila Jumapili alasiri, Wakristo wakishatoka kanisani, alisimama kwenye baraza la ghala la chama cha msingi cha ushirika, ambalo nje ya msimu wa korosho huwa tupu, akazungumza: miti ya kuachwa shambani, ndege, nyuki wanaokimbia dawa tunazopulizia mikorosho. Mengine alikosea, na wazee tulimrekebisha kwa kelele. Mimi sikukosa hata siku moja. Nilitaka kusikia mtu akitaja kwa majina miti ambayo wajukuu wangu wote wanaiita kuni.

Lakini Ziada alikuwa na jambo lake lililomnyima usingizi. Kando ya barabara ya Newala kuna kichaka cha ukoo wao. Bibi yake alichimba ming'oko humo, kisha mama yake. Sote tulikipita kila siku tukaona miiba tu. Ardhi ya ukoo mwenye neno ni mjomba, na mjomba wake, mzee Husseni, alikuwa ameshaotesha miche ya mikorosho kwenye viriba nyuma ya nyumba.

"Mpwa wangu," alimwambia mbele yangu, "kichaka hakinipi kitu. Nionyeshe watu wanaokihitaji, nitakiacha. Wakikosekana, mvua zikikaribia nafyeka."

Ndipo Ziada akaamua kuwapeleka wasikilizaji wake wakakione. Nilimfuata stendi.

"Shikamoo, Babu Kasiani."

"Marahaba. Mama Faruku, mambo ya bibi yako hayaonyeshwi kijiji kizima."

"Bibi alificha, mama akaficha. Leo nabaki mimi peke yangu ninayejua kilichomo. Mjomba atakionea huruma vipi kitu asichokijua mtu?"

Nilichukua andazi nikaondoka.

Jumapili ile walikwenda wengi, wanawake kwa wanaume. Aliwapitisha katikati ya miiba, akawaonyesha mashina ya ming'oko yaliyokauka kama kamba, akachimba mmoja kwa ustaarabu wote, akaacha kichwa, akarudishia udongo. "Hii ni mali yetu sote," akawaambia. "Tuilinde." Walipiga makofi. Alirudi amechangamka kama bibi harusi.

Haukupita muda mrefu, akaenda Newala kununua ngano. Pembeni ya soko aliona mafungu ya ming'oko, mazuri, manene, na nyuma yake ameketi Yuster, aliyekuwa akikaa mstari wa mbele kwenye mazungumzo yake.

"Yuster, hii umeitoa wapi?"

"Si kule ulikotupeleka!" Yuster alicheka bila aibu. "Shoga, darasa lako lina faida. Wengine wanahubiri tu, wewe umetuonyesha na mahali."

"Nilisema tuilinde."

"Ulisema ni yetu sote. Sasa tukiiacha humo, tunaila lini?"

Ziada hakununua ngano. Alirudi moja kwa moja hadi kichakani. Aliniambia baadaye kwamba aliingia akatoka, hakuweza kukaa. Mashimo kila mahali, udongo umeachwa juu, vichwa vya mizizi vimetupwa pembeni kama maganda. Watu walikuwa na haraka. Hakuna aliyemfundisha Yuster na wenzake kuchimba isipokuwa ile Jumapili moja, na siku ile walikuwa wanatazama mzizi, si shimo.

Mzee Husseni naye alikuja kuona. Hakumkemea. Alisema tu, "Umenionyesha watu wanaokihitaji, kweli. Na wamekimaliza. Jumapili nafyeka, mawingu yameshakusanyika."

Ningekuwa mimi, ningejifungia ndani. Ziada alipita nyumba kwa nyumba. Hakutukana mtu. Alisema: vichwa bado vina uhai, mvua ziko karibu, Jumapili mje na majembe, si kusikiliza. Nyumba nyingi zilimwitikia "inshallah" ya kumwondoa mlangoni. Kwa Yuster alikaa sana. Sijui waliambiana nini.

Jumapili hiyohiyo binti yangu Cecilia alikuja kunichukua na gari la kukodi. Macho yangu yamekuwa mabaya, akataka nikae kwake Mkomaindo, kule Masasi, karibu na hospitali. Tulipofika kwenye kichaka nikamwomba dereva asimame.

"Baba, tutachelewa Masasi."

"Masasi haihami."

Nilishuka. Wanawake walikuwemo, si wengi, mashimo yalikuwa mengi kuwashinda. Ziada alikuwa amepiga magoti, anasimika kichwa cha mzizi kama anamlaza mtoto. Yuster alikuwa shimo la pili, jasho linamtoka. Mzee Husseni alikuwa amesimama na panga, na viriba vyake vya miche vimepangwa kando ya barabara.

"Hawa ndio watu wako?" akauliza.

"Ndio hawa, mjomba."

"Wachache."

Yuster akainua uso. "Mjomba, wachache lakini tuna majembe. Wewe una panga tu. Shika huku au tupishe."

Wakacheka mle kichakani, na Husseni mwenyewe akashindwa kukunja uso. Alizunguka mashimo, akatazama yaliyofukiwa, akalikanyagia moja udongo kwa mguu wake.

"Miche nitaipeleka kwenye shamba la muhogo," akasema. "Mwakani nikija nikute majani. Nisipoyakuta, asinihutubie mtu."

Ziada aliendelea kufukia.

Nilikataa kuingia garini mpaka walipomaliza. Cecilia alinung'unika, nikamwacha anung'unike. Walipokung'uta kanga zao, Yuster akaelekea barabarani moja kwa moja. Ziada akamshika mkono, akamvuta upande wa pili, kwenye njia ya kuzunguka ambayo bibi yake aliipita. Haikusaidia kitu, kijiji kizima kimeshapajua. Hata hivyo wote walimfuata, majembe begani, wakapotea nyuma ya mikorosho. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona.