Vijiko Viwili vya Unga wa Ngano

Miaka yote aliyopika kwenye bweni la shule, mama huyu alizoea sahani kurudi nyeupe. Wanafunzi walimwita Mkono Mtamu, na jina hilo akaondoka nalo alipostaafu na kuhamia kwa mwanawe, fundi seremala. Kwa hiyo mkwewe aliposema daktari amemkataza ngano maisha yake yote, mama alihisi kama amesukumiwa sahani kifuani.

"Si mkate tu, mama," mkwe alimweleza kwa upole. Alikuwa mshona nguo, mwembamba kama uzi wake. "Hata unga kidogo ndani ya mchuzi. Wale askari wa mwili wanaopigana na maradhi, kwangu wakiiona ngano wanageuka kuyashambulia matumbo yangu mwenyewe. Ndiyo maana nimekonda hivi, na damu imepungua."

"Pole, mwanangu." Lakini moyoni alisema: madeko hayo. Utumbo unaochagua chakula aliusikia wapi? Kilichomkera zaidi, mwanawe naye aliacha mikate yake, akamfuata mkewe kama mkia.

Jumapili moja mchuzi wa nyama ulitoka mwepesi. Mama akashika kopo la unga wa ngano, akakoroga vijiko viwili, akamimina. Hakughafilika. Alitaka mkwe ale, alale salama, halafu kesho amuulize mbele ya mumewe: "Mbona hukufa?"

Mezani mkwe aliinua kijiko, akasita. "Mama, huu hauna ngano?"

"Hata chembe. Nimeuacha motoni tu mpaka ukawa mzito."

"Basi niongeze." Akala, akasifu, akarudia.

Kabla jua halijazama alikuwa amejikunja kwenye sakafu ya choo. Alitapika, tumbo likamharisha, hata mlango hakuwahi kuufunga. Mama alimvua gauni lililochafuka, akalifua kwa mikono yake mwenyewe. Na yule mgonjwa, midomo imemkauka, ndiye aliyeomba radhi. "Nisamehe, mama. Nakutia kinyaa."

Bora angemtukana.

Zahanati walimtundikia dripu. Alipopata nguvu ya kusema, alimgeukia mumewe. "Ni jirani. Asubuhi alinipa uji, akaniapia ni mtama mtupu. Kumbe alichanganya."

"Nakwenda kwake sasa hivi," mume alisema, akainuka. "Atanieleza vizuri."

Mama alikuwa amesimama ukutani. Jirani yule hakuwa na kosa lolote.

"Kaa, mwanangu. Ni mimi. Nilitia unga kwenye mchuzi."

"Ulisahau, mama?"

Mwanawe alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea; angeweza kuupita, na wote wakaamini.

"Sikusahau. Nilitaka kumjaribu."

Mwanawe aliinamisha kichwa, akakazia macho viatu vyake. Mkwe alimtazama mama usoni, bila hasira.

"Nilikuuliza, mama," alisema. Halafu akageukia ukutani.

Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemsema kwa majirani. Hilo ndilo lililomlemea, maana maji yalikuwa yamemwagika na hakuna aliyempa hata nafasi ya kujitetea. Alitupa unga wote wa ngano, akasugua sufuria na miko hadi vidole vikachubuka. Akaomba msamaha, si mara moja.

"Nimekusamehe, mama," mkwe alimjibu. "Ila chakula chako hakipiti kooni. Usinilazimishe."

Hakumlazimisha. Mkwe alijipikia, akafunika sufuria yake, akatumia kijiko chake. Jirani akichungulia dirishani na kuuliza, "Mkono Mtamu, leo tunanusa nini?" mama aliangalia chini. "Kapika mkwe," alijibu, na uso ulimwaka kama aliyevuliwa nguo sokoni.

Miezi ikapita. Mkwe akaanza kunenepa mashavu. Siku moja alichelewa kutoka kazini, akamwekea mama bakuli la vitunguu mapajani.

"Nisaidie kumenya."

Mama aliinuka kwanza, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akarudi. Alimenya taratibu, machozi yakimtoka, na hakuna aliyemuuliza kama ni ya vitunguu. Alipomaliza alisogeza bakuli, akaketi mbali na jiko. Mkwe alikata mwenyewe, akakaanga mwenyewe. Mama hakuthubutu kuuliza kama chumvi imekolea.