Ng'ombe Aliyeitwa Mkataba

Hermani Bura wa Maretadu alifunga goli moja tu maishani mwake. Alilifunga akiwa darasa la sita, na alilifunga kwenye lango la shule yake mwenyewe. Kijijini aliyebaki kulikumbuka ni mkewe Agatha, naye hulitumia kwa kiasi, kama chumvi. Lakini mtu si lazima ajue kupika ndipo atambue chakula kilichoungua. Akiwa na miaka hamsini na saba, shamba la mahindi na maharage, matuta ya vitunguu swaumu na ng'ombe tisa, Hermani ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki wa timu ya Maretadu, na ndiye aliyepima tabia za wachezaji.

Alikuwa na vipimo vitatu. Kijana anaamkia wakubwa, au anapita kama upepo? Jumapili anaonekana kanisani, au anaonekana uwanjani tu? Mvua ikinyesha katikati ya mchezo, anatazama mpira au anatafuta mti wa kujikinga? Aliyefaulu alisifiwa mbele ya watu, na aliyeshindwa aliambiwa hapo hapo mbele ya watu. Hata mashabiki hawakuachwa. Aliyemtukana refa, au aliyesema uongo juu ya mchezo, alipelekwa Jumamosi kupalilia bustani ya parokia. Msimu ule timu ilipofungwa mara nne mfululizo, bustani ya parokia haikuwa na gugu hata moja.

Gidion alivifaulu vipimo vyote. Alikuwa golikipa, mrefu, mpole, mwana wa mjane aitwaye Imakulata aliyeishi chini ya kilima karibu na kijito. Miaka mitatu iliyopita zilivuma habari kwamba timu fulani ya mbali inamtaka. Timu ya Maretadu haikuwa na mshahara wa kumpa wala karatasi ya kumsainisha. Hermani akafikiri wiki nzima, kisha akatoa kwenye zizi lake ng'ombe mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni, akamwekesha kwa Imakulata.

Kumwekesha mtu ng'ombe ni desturi ya zamani huko milimani. Aliyewekeshwa anakunywa maziwa na kutumia samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na miaka ikipita aliyetunza vizuri hupewa mtamba wake mwenyewe. Ni huruma iliyopangwa vizuri, na Hermani alisema hivyo hivyo, kwamba ameona huruma. Ila siku ya kumpeleka yule ng'ombe, kamba ilishikwa na kapteni wa timu, nyuma wakifuata mashabiki wanaimba, na kabla ya jua kuzama ng'ombe alikuwa ameshapewa jina. Walimwita Mkataba.

Hapo Hermani, moyo umemjaa, akasema mbele ya wote, "Gidion akidaka hapa, ng'ombe yuko hapa. Akienda kudaka kwingine, ng'ombe anarudi zizini kwangu." Watu wakapiga makofi. Imakulata hakupiga, kwa kuwa alikuwa ameshika ndoo.

Basi mwaka huu, mwezi wa pili, Jumapili watu wakitoka misa, simu zikalia zote kwa pamoja. Gidion alikuwa ameandika kwenye kundi la timu kwamba amepata kazi kwa fundi wa pikipiki kule Masakta, wilaya ya Hanang, na kwamba atachezea timu ya huko. Alishukuru kwa yote. Mwisho aliandika, "Shikamooni wazee." Neno hilo ndilo lililomchoma Hermani kuliko mengine. Mtu akikuacha afadhali akuache kwa ufidhuli, upate cha kushika.

Kikao kilifanyika jioni hiyo mbele ya mashine ya kusaga. Kila mmoja alikuja na ushahidi. Perpetua, muuza maandazi, alikumbuka kwamba Gidion hakuwahi kumaliza andazi la pili, na akauliza ni mtu wa namna gani anayebakiza chakula kama hana safari moyoni. Tito, ambaye huwasemea mashabiki kila jambo hata asipotumwa, alisema alimwona akicheka siku waliyofungwa tatu bila. Mwingine akasema Gidion alikuwa na mazoea ya kuwashukuru mashabiki wa upande wa pili wakimrudishia mpira, na sasa imejulikana alikuwa anawashukuru kwa nini. Siku mtu anapoondoka, hata alivyokuwa akifunga kamba za viatu huwa ni dalili.

Hakuna aliyesema kwamba kijana wa miaka ishirini na minne anahitaji kazi. Hermani alilifikiri, lakini alikuwa mwenyekiti.

Ndipo Tito akasimama na kuwakumbusha watu lile neno la ng'ombe. Kikao kizima kikamgeukia Hermani. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wa watu kwamba ndiyo yao iwe ndiyo na hapana yao iwe hapana. Akajibu kwamba neno ni neno, Mkataba atarudi.

Jumatatu saa kumi na moja jioni walishuka kilima, yeye, Tito na Perpetua. Imakulata aliwapokea kwa heshima, akawaketisha, na kabla Hermani hajakohoa vikombe vya chai ya maziwa vilikuwa mikononi mwao. Wakanywa. Tito akamkonyeza Hermani aanze, lakini Hermani hakuanza. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba ukishakunywa maziwa ya nyumba ya mtu, siku hiyo husemi neno la kumtoa ng'ombe kwenye zizi lake. Wakazungumza habari za mvua, wakaaga.

Safari ya pili walikwenda alfajiri, kabla hajakamua. Wakakuta ana maziwa mgando ya jana kwenye kibuyu. Safari ya tatu walikubaliana njiani kwamba hakuna atakayepokea kitu. Walipokaribishwa, Tito akashika tumbo na kusema limemkataa tangu asubuhi. Imakulata akamwonea huruma sana. Akamchemshia maziwa yenye tangawizi kwa ajili ya tumbo, na kwa kuwa yameshachemka akawamiminia na wenzake.

Hermani aliporudi nyumbani, Agatha alikuwa anapukuchua mahindi.

"Mmemleta?" aliuliza.

"Tumeacha kwanza."

"Mmekunywa?"

Hermani akauliza kama kuku wamefungiwa.

"Baba Monica," Agatha akasema, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa kama kawaida yake, "yule mama anauza nusu ya maziwa kwa walimu, na nusu wanakunywa watoto. Na mwaka huu ndiyo mara ya kwanza mahindi yake yamempita kimo, kwa samadi ya huyo ng'ombe. Wewe endelea kupeleka wajumbe."

Hermani hakulala vizuri. Akimchukua ng'ombe, nyumba ya mjane itarudi kwenye chai ya rangi na udongo uliochoka. Akimwacha, atakuwa mwongo mbele ya mashine ya kusaga, yeye aliyewapalilisha wenzake kwa maneno madogo kuliko hilo. Alitafuta njia ya tatu na hakuiona. Akaamua kungoja, jambo ambalo kila mara alikuwa amewaambia vijana kwamba ni uvivu wa roho.

Mwezi wa saba, baada ya mavuno, Masakta wakaialika Maretadu mechi ya kirafiki. Mashabiki walikodi fuso, wakaenda wakiimba nyimbo za kumwaibisha golikipa. Walipofika uwanjani nyimbo zikakosa mahali pa kutua, maana golini alisimama mtu mwingine. Gidion alikuwa amevaa jezi namba tisa. Alikuwa mshambuliaji.

Hermani akaketi kwenye nyasi. Alikuwa amekumbuka siku moja, miaka mingi nyuma, Gidion alipokuja kwake na kofia mkononi akasema, "Baba, naomba nijaribu kucheza mbele, hata mechi moja tu." Naye alimjibu kwa mafundisho ya robo saa juu ya kuridhika na nafasi uliyopewa. Kijana alishukuru akaenda golini, akakaa huko mpaka alipohama.

Dakika za mwisho, bado bila kwa bila, mpira ulimkuta Gidion peke yake. Golikipa mpya wa Maretadu alikuwa ameteleza na kulala chini kama gunia. Lango lilikuwa wazi. Hata ng'ombe angefunga. Gidion akapiga. Mpira ukapaa juu ya mwamba wa goli, ukavuka uzio, ukaangukia shamba la alizeti, na ulitafutwa mpaka refa akamaliza mchezo.

Njia nzima ya kurudi fuso lilikuwa bunge. Perpetua alisema amekosa kwa mapenzi, mguu umekataa kuwaumiza watu wake, na andazi lile la pili alilisamehe. Tito alisema amekosa kwa sababu ni golikipa. Hawakupatana, na walipofika Maretadu nusu ya gari ilikuwa haisemi na nusu nyingine.

Siku ya nne baadaye, saa kumi jioni, wageni watatu walifika kwa Hermani. Aliyetangulia alikuwa Gidamis, mzee mfugaji wa kule tambarare, amejifunga shuka, fimbo mkononi, mwenyekiti wa mashabiki wa Masakta. Tito, aliyewaona wakishuka kwenye basi, aliwafuata ili asipitwe. Hermani aliwaketisha uani. Walisalimiana vya kutosha, ndipo Gidamis akaeleza shida yao.

Nao walikuwa wamekaa kikao, na ushahidi walikuwa nao. Kabla ya mechi Gidion aliwaamkia wazee wa Maretadu mmoja mmoja. Mapumziko alikunywa maji ya Maretadu. Halafu lile goli alilokosa.

"Tumeuliza, tukaambiwa mama yake anatunza ng'ombe wako," Gidamis akasema. "Mtu moyo wake unakaa kwenye zizi la mama yake. Mchukue ng'ombe wako, mzee mwenzangu, kijana awe huru atuchezee. Na wewe neno lako litimie, maana tumesikia ulilisema."

Tito akatikisa kichwa kwa furaha. Hermani aliyafahamu maneno yale. Yalikuwa yake mwenyewe, yamevaa shuka. Na yalipotoka kinywani mwa mtu mwingine aliona jinsi yalivyo. Hapa walikuwa watu wazima watano, kata mbili, wilaya mbili, wamekubaliana vizuri kabisa, na anayekunywa maziwa ya ng'ombe huyo hakuna aliyemuuliza.

Alitazama jua. Imakulata hukamua saa kumi na moja.

Akawaambia wageni kwamba ni sawa, watakwenda kumfungua pamoja, ila kwanza waone vitunguu swaumu vyake. Akawaonyesha tuta moja moja. Akaeleza mbegu, akaeleza maji, akaeleza ugonjwa wa majani wa mwaka juzi. Wafugaji walivumilia kwa adabu. Jua liliposhuka kiasi alichotaka, akashika fimbo na kuwaongoza chini ya kilima.

Imakulata alikuwa anachuja maziwa. Aliwaangalia wanaume watano wakiingia uani kwake, akawakaribisha, akaingia jikoni. Vikombe vilipotoka, Tito alimtazama Hermani kama mtu anayeona shimo alilowahi kuangukia. Lakini Gidamis alikuwa amekwisha kupokea kwa mikono miwili. Mfugaji hakatai maziwa. Akanywa polepole, akafumba macho, akanyoosha kikombe kuongezewa.

"Ng'ombe huyu ana mimba ya miezi mingapi?" akauliza.

"Sita, baba," Imakulata akajibu.

"Asitembezwe mbali."

Wajumbe wawili wa Masakta waliangalia ndani ya vikombe vyao. Hermani akaona kwamba angeweza kuondoka hivi hivi, amefunikwa na maziwa, na wote wangesema ni desturi. Ingekuwa rahisi, na isingekuwa kweli. Akaweka kikombe chini.

"Mama Gidion," alisema, "nilisema mbele ya watu kwamba kijana akiondoka, ng'ombe anarudi. Mbele ya watu ninalifuta. Nilisema ni huruma. Ng'ombe nilimleta kwako, lakini kamba nilikuwa ninamfunga mwanao. Atakaa hapa, na akizaa jike ni mtamba wako."

Imakulata alikuwa bado ameshika birika.

"Asante, Baba Monica. Hilo la kamba nililijua siku ile ile mlipokuja mnaimba." Akamgeukia Tito. "Na ile tangawizi ya tumbo lako niliinunua asubuhi ya siku ile, kabla hujaja kuumwa."

Wafugaji walicheka mpaka Gidamis akashika ukuta. Alipotulia akauliza, bila ukali, sasa wao wafanye nini na namba tisa yao.

"Mwanangu hajui kufunga," Imakulata akasema. "Mwacheni ajifunze. Wote mlimpima moyo, hakuna aliyempima mguu."

Hermani, ambaye habari za lango alizijua kwa uchungu wake, alisema wampe msimu mmoja, maana kuna makosa mabaya zaidi ya kupaisha. Hakueleza ni yapi.

Jumapili alirudia maneno yale yale mbele ya mashine ya kusaga. Wengine walimheshimu zaidi, wengine walinong'ona kwamba amezeeka, na Perpetua akauliza sasa lile andazi la pili liko upande gani. Kisha Tito, kwa sauti ya mtu anayependa sheria, akauliza adhabu ya aliyesema uongo mbele ya mashabiki ni ipi.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata Hermani Bura alionekana na jembe bustanini mwa parokia. Timu ilikuwa imefungwa tena na mashabiki walikuwa wamemtukana refa kwa bidii, hivyo bustani ilikuwa safi. Alitembea kati ya mistari ya kabichi mpaka saa sita, ameinama, akitafuta gugu.