Mwenye Gari na Mwenye Milango

Kutoa mlango wa gari la porini ni kazi ya mtu yeyote mwenye spana moja na hasira kidogo. Kuurudisha ndiko kunakomtenga fundi na mvunja magari. Mtu ninayemsimulia hapa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bawaba, alitoa milango ya gari moja kwa miaka kumi na miwili, na kila alipoitoa aliwaza siku ya kuirudisha.

Alianza kwa msumari. Kabla ya kugusa bolti alikwaruza mstari mwembamba kuizunguka kila bawaba, ili siku ya kurudi ijue ilikuwa imekaa wapi. Kisha aliteremsha kioo, akafungua ule mkanda unaouzuia mlango usipitilize, akasogeza kigoda chenye gunia lililokunjwa mara nne mpaka kikaligusa tumbo la mlango. Bolti za chini kwanza, za juu mwisho. Mlango ulishuka juu ya gunia bila kulia.

Nyuma ya kila bawaba mlikuwa na vibati vyembamba kama kucha, pengine viwili, pengine vitatu, alivyovikata mwenyewe. Gari lile lilipinduka zamani, kabla Bawaba hajalijua, na mwili wake haukunyooka tena. Hakuna mlango uliolingana na mwenzake. Kwa hiyo kila mlango ulikuwa na kopo lake la maziwa la kuhifadhia vibati vyake. Kopo la mlango wa dereva lilikuwa na mkwaruzo mmoja, la pili miwili, hivyo hivyo mpaka minne. Ungevichanganya, milango ingefungwa kwa mateke.

Gari lilikuwa lao wawili, yeye na mdogo wake. Walilipata halitembei, wakalibadilisha na kiwanja alichowaachia baba yao. Bawaba alitumia mwaka mzima kulifufua. Mdogo wake, aliyejaliwa leseni na ulimi wa asali, akashika usukani na kuwapeleka wageni porini kutazama wanyama. Siku ya kuandikisha gari Bawaba alikuwa amelala chini ya lori la mtu, grisi mpaka viwikoni, na mdogo wake akasema mikono ile haingii ofisini. Akaenda peke yake. Kadi ikatoka na jina moja.

"Jina ni karatasi tu, Kaka," alimwambia.

Kaka akaridhika. Nani humdai ndugu yake karatasi?

Badala ya karatasi alikuwa na milango. Wakati wa kiangazi wageni hawakutaka kioo kati yao na tembo, kwa hiyo milango ilitolewa. Mvua zikikaribia, ilirudishwa. Katikati ya hapo ilikaa chumbani kwa Bawaba, imesimama ukutani juu ya kipande cha godoro. Mkewe alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile milango inalala vizuri kuliko yeye, maana kipande kile kilikatwa upande wake. Bawaba hakujali. Kwake milango ile ndiyo ilikuwa kadi. Gari liende litakako, aliwaambia mafundi wenzake, mvua ikinyesha litarudi kwa mwenye milango. Ndugu yangu ni mwenye gari, mimi ni mwenye milango. Aliusema msemo huo kila mwaka, na kila mwaka mchomeaji wa banda la jirani alimuuliza kama na mkewe alimwoa kwa kumshikia viatu.

Miaka ya mwanzo mdogo wake alileta fungu la kaka yake bila kuulizwa. Baadaye alileta sababu. Lakini gari lenyewe halikukosa kurudi, na zile siku mbili za kurudisha milango walikula sahani moja, wakasemana, wakacheka. Bawaba aliziona siku hizo kuwa ushahidi wa kutosha.

Mwaka huu mvua zilianza, gari halikuja. Alipopiga simu aliambiwa wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wiki ijayo nyingine. Aliifuta milango vumbi ambalo halikuwapo, akazitia bawaba mafuta mara mbili. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, hakunyanyua uso.

"Mtumai cha nduguye hufa maskini, Baba Watoto. Naona hata milango imeanza kukuonea huruma."

Wiki ya tatu, asubuhi, gari likaingia gereji. Lilikuwa safi kupita kiasi. Hata injini ilikuwa imeoshwa. Nani huosha injini ya gari la porini katikati ya masika? Bawaba aliliona hilo, lakini furaha ilimfunika macho. Aliagiza chai, akamtania mdogo wake kwa viatu vyake vipya, akapanga makopo manne chini kwa mstari.

Mlango wa nne, wa tatu, wa pili. Kila mmoja aliupandisha, akaukaza, akaufunga, akasikiliza. Mlango uliokaa sawa hausemi "pwaa". Unasema kidogo sana, kama mtu aliyemeza neno. Mpaka saa saba alikuwa amebakiwa na ule wa dereva. Alipoingiza mkono chini ya kiti kutafuta sanduku la spana la baba yao, ambalo halikuwahi kutoka garini, hakukuta kitu. Akauliza liko wapi. Mdogo wake akasema amelipeleka nyumbani, halafu akaangalia viatu vyake.

"Kuna mtu anakuja saa tisa kuliangalia gari, Kaka."

"Kuliangalia kwa macho gani?"

"Ya kununua."

Bawaba alibaki amechuchumaa, vibati vitatu mkononi. Mdogo wake akaeleza haraka haraka kwamba gari limezeeka, kwamba watoto wake wanasoma, kwamba kaka ana gereji yake na hatalala njaa. Bawaba akamuuliza kama watoto wake yeye wanachunga mbuzi. Akauliza vipi kuhusu kiwanja cha baba. Mdogo wake akasema, kwa upole uliouma kuliko tusi, kwamba angeweza kuliuza bila hata kupita pale. Amepita kwa heshima. Na gari lenye milango yake huuzika vizuri zaidi.

"Nitakukumbuka, Kaka."

Ingetosha kukiacha nje kibati kimoja. Mlango usingefungwa vizuri hata kwa maombi, na mnunuzi angeshika njia. Bawaba alivitazama vile vitatu kwa muda mrefu, kisha akaviweka vyote mahali pake, akakaza. Baadaye mchomeaji alimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba vibati havikuwa vimemkosea.

Lakini alikuwa na lake moyoni. Alikwenda bombani akanawa kwa sabuni ya unga mpaka viwikoni, akasugua kucha kwa brashi ya waya. Safari hii mikono isiwe sababu. Atamwambia mnunuzi mwenyewe.

Mnunuzi alikuja saa tisa kamili, mtu mfupi mwenye mwavuli. Alilizunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akaufunga. Ukameza neno.

"Hii milango inatoka?"

"Inatoka," mdogo akadakia. "Fundi ndiye huyu."

"Basi itoe yote. Mimi nalitaka wazi. Mvua nitaizuia kwa turubai."

Bawaba akasogea mbele, mikono yake safi ikining'inia. Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka banda la mchomeaji, "Mzee, gari hili lina wenyewe wawili."

Mnunuzi akaitoa kadi kwenye bahasha aliyokabidhiwa na mdogo mtu, akaisoma, akamtazama. Yule akacheka kile kicheko chake cha wageni.

"Ni utani wetu wa siku nyingi. Mimi mwenye gari, yeye mwenye milango. Waulize hawa wote."

Mafundi wakacheka. Walikuwa wamelisikia neno hilo kinywani mwa Bawaba mwenyewe kwa miaka kumi na miwili. Wafanye nini kama si kucheka? Mchomeaji peke yake aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu chini.

"Aa, basi mwenye milango abaki na milango yake," mnunuzi akasema, akafurahi kuwa naye ameutia utani chumvi.

Bawaba akaitoa. Mkono ulikwaruza kwanza kwa msumari kuizunguka kila bawaba, kwa mazoea, na mnunuzi akamwomba asimharibie rangi. Bolti za chini, kisha za juu. Saa kumi na moja gari likaondoka wazi kwenye mvua, mdogo mtu ameketi kando ya mnunuzi, viatu vipya vikilowa.

Mkewe alimsaidia kubeba milango mpaka chumbani. Waliisimamisha juu ya kile kipande cha godoro. Bawaba akakaa kitandani na makopo yake manne ya vibati. Akalimimina la kwanza ndani ya la pili, la pili ndani ya la tatu, la tatu ndani ya la nne, akatikisa.